Majini Hakuna Shikamoo

Ubao wa Madam ulikaa darini, jikoni kwake, pamoja na mahindi ya mbegu na masizi ya miaka yote. Mgeni aliyeuona kwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ya chini nani amefariki, maana ulikuwa na urefu wa mtu, umechongwa mviringo upande mmoja, na huku kwetu Kibosho, mlimani, mbao yenye urefu wa mtu haiulizwi kwa kelele. Madam alilipenda sana swali hilo. "Hajafa mtu," alisema. "Huo ni ubao wa kupandia mawimbi ya bahari. Kaa ule mtori."

Mgeni alikaa akala mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, na kila baada ya kijiko alitazama juu. Bahari na Kibosho ni mbali, basi linakula mchana mzima. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama nyuma ya kanisa letu, unaiona tambarare yote ya chini mpaka mashamba ya mpunga ya Chekereni yanavyometameta, na nilipokuwa mdogo niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ile ndiyo bahari. Nilimwambia Madam hivyo. Hakunicheka. Alisema, "Siyo, Filo, lakini angalau umeanza kuitafuta."

Alikuwa mwalimu wetu wa michezo shule ya msingi. Walimu wa kike wote tuliwaita Madam, Madam fulani na Madam fulani, lakini ukisema Madam tu, bila jina, kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa pia jirani yetu. Kati ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na chetu, migomba kwa migomba, ulipita mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani waliouchimba wazee, na mimi niliuruka mfongo ule kwenda kwake kila nilipotumwa na hata nisipotumwa.

Kulikuwa na jambo moja alilolitaka, na hakumficha mtu. Alipoanza kazi akiwa msichana alipangiwa shule ya pwani, huko mbele ya Kigamboni, shule iliyokaa kati ya bahari na hori. Hori lenyewe lilikuwa maji ya chumvi yaliyotulia nyuma ya ukingo wa mchanga, yakiingia na kutoka baharini kwa mlango mmoja mwembamba. Mbele ya mlango huo mawimbi yalikunjika vizuri juu ya mchanga, na wanafunzi wake, watoto wa darasa la tatu na la nne, waliyapanda kwa vipande vya mbao kila kengele ya mwisho ilipolia. Mwalimu mgeni kutoka mlimani, asiyejua hata kuogelea, aliwaomba wanafunzi wake wamfundishe. Akajifunza kulala juu ya ubao na kubebwa. Akajifunza kupiga magoti. Halafu uhamisho ukatoka, akamfuata mume wake Kibosho, na ubao ukapanda basi pamoja naye.

"Nimefika magotini," alikuwa akisema, kama mtu anayetaja darasa alilokomea. "Bado kusimama."

Alitaka kusimama juu ya wimbi kwa miguu yake miwili mpaka lifike mchangani. Hakutaka kushindana na mtu wala kupigwa picha. Alitaka mara moja tu, na goti lake la kushoto, ambalo lilianza kumsumbua mapema, lilijua hivyo na likawa linamtishia.

Sasa nisije nikakupa picha ya mwanamke mwenye ndoto, mpole, anayetazama mbali. Madam alikuwa mkali. Alitembea na filimbi shingoni hata siku ya Jumapili, chini ya sweta lake la rangi ya damu ya mzee, na padri akirefusha mahubiri niliwahi kumwona akiishika. Hakuipuliza, lakini aliishika. Sweta hilo hakulivua mwaka mzima. Aliogopa baridi kuliko mwizi. Maji ya mfongo yanayotoka juu barafuni aliyaita maji ya adhabu, na aliyachemsha hata ya kunawa mikono. Wenzake walimtania: wewe unayetaka kulala baharini, mbona beseni linakushinda? Alijibu kwamba bahari ina joto la mtu, na mlima una baridi ya mamlaka.

Bodaboda hakupanda. Alisema kijana wa bodaboda hatazami mbele, anatazama simu. Kwa hiyo alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka barabara ya lami, goti likiuma, na njia nzima akajibu salamu.

Hapa kwenye salamu lazima nisimame kidogo, maana ndipo Madam alipo. Shikamoo kwake haikuwa neno la kutupa. Mwanafunzi aliyempita bila kumwamkia alikimbia kuuzunguka uwanja wa mpira, na akirudi akihema aliambiwa, "Haya, sasa pumzi unayo, niamkie." Lakini na yeye alilipa heshima hiyo ipasavyo. Tukiwa kundi tukamwamkia kwa pamoja, walimu wengine walisema marahaba moja wakapita. Madam alisimama. "Marahaba Prosper. Marahaba Anjela. Marahaba wewe mtoto wa fundi baiskeli, jina lako limenitoka, nisamehe. Marahaba Filo." Hata tukiwa darasa zima njiani, hata mvua ikinyesha, alimjibu kila mmoja salamu yake. "Marahaba ya jumla ni ya watu wavivu," alisema. "Umeniamkia wewe, nakujibu wewe."

Mama yangu alikuwa akisema ukitaka kumchelewesha Madam kwenye misa, tuma watoto kumi wamwamkie njiani. Na kweli alichelewa kila Jumapili, yeye aliyetupigia filimbi kwa kuchelewa dakika moja.

Masika ndiyo ilikuwa shule yake ya mawimbi. Nyuma ya uwanja wetu kuna mteremko wa majani, na mvua ikishika unateleza kuliko bamia. Kila mtoto wa mlimani anajua kukalia ganda la mgomba na kushuka nalo. Madam alitukataza kukaa. Tulilala kifudifudi juu ya ganda, tukajisukuma kwa mikono, na katikati ya mteremko alipopuliza filimbi tuliruka tukasimama, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, macho yakitazama chini kule migombani tunakokwenda. Tulianguka kama viazi kutoka kwenye gunia. Tukapanda tena.

"Macho mbele!" alipiga kelele. "Vidole vyako unavitazama vya nini, vimewahi kupotea?"

Alituambia wimbi ni mteremko unaotembea, na sisi tuna bahati kwa kuwa tumezaliwa kwenye mteremko uliotulia, tunaweza kujizoeza. Nguo zetu zilirudi nyumbani nyekundu kwa udongo. Mama yangu, ambaye ndiye aliyezifua, alivuka mfongo akiwa amekunja mikono ya gauni, na kelele zilizosikika siku ile sizirudii. Jioni Madam alileta jani la isale. Kwa asiyejua, isale ni mmea tunaoupanda mipakani, na kwetu mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha huna njia ya kukataa, hata kama amekukosea vipi. Mama akalipokea. Alikuwa bado anamwaga machozi ya hasira, akalipokea. Kisha Madam akatoa la pili mfukoni mwa sweta.

"Na hilo?" mama aliuliza.

"Hilo ni la matope ya kesho."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda. Tangu siku hiyo kila masika ilipoanza jani la isale lilikuja mapema, kabla hata ya mvua ya kwanza kukolea, na mama aliliweka kwenye kopo la maji dirishani.

Baba mmoja yeye hakuchekeshwa. Alikuja shuleni akasema, "Mwalimu, mimi binti yangu namlea awe nesi, wewe unamfundisha kuteleza." Madam akamjibu, "Wodi zina sakafu ya maji, mzee. Atakushukuru." Binti huyo leo ni nesi kweli.

Kuogelea tulijifunza Chemka, zile chemchemi za chini kule, ukipita Bomang'ombe na kukata vumbi refu. Maji yake hayachemki, yanabubujika tu, meupe hata unaona kucha zako za miguu, na yana uvuguvugu uliomfaa Madam na hofu yake ya baridi. Huko ndiko tulikomwona bila sweta kwa mara ya kwanza, tukashangaa kwamba ana mabega. Aliogelea kichwa kikiwa juu kama bata. Hakuwa na mtindo hata kidogo, na sisi tuliojifunza kwake wote tunaogelea hivyo mpaka leo, unatutambua kwa mbali. Mtihani wake ulikuwa kulala chali majini ukitaja jedwali la saba mpaka mwisho bila kuzama. Rehema, msichana wa Kiislamu aliyehamia shuleni kwetu kutoka Moshi mjini, mwenye mdomo mwepesi kuliko sisi wote, alizama kwenye saba mara nane. Akaibuka akikohoa, akasema hesabu ndiyo iliyomzamisha, si maji. Madam alimpa alama ya kupita.

Safari ya kwanza ya baharini ilikuwa likizo ya mwezi wa sita tukiwa darasa la sita. Tulikwenda watatu, Prosper, Rehema na mimi, wengine wazazi wao walikataa. Tulifikia kwa mama mmoja aliyekuwa mpishi wa ile shule ya zamani ya Madam, na asubuhi tukapelekwa mchangani.

Niliogopa. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa nimeizoea picha ya bahari, na picha haina sauti. Madam hakutuingiza kwanza. Alitukalisha juu ya ukingo wa mchanga, hori mgongoni limelala kama maji ya beseni, bahari mbele ikinguruma, akatuuliza kwa nini wimbi livunjikie pale na si pengine.

"Mfongo ukifika shambani unafanya nini?"

"Unaacha matope," Prosper akasema.

"Haya. Maji kupwa, hori linatoka kwa mlango ule pale, limebeba mchanga. Likifika nje linauacha. Mchanga unajilaza chini kama kizingiti cha mlango. Wimbi linakuja na haraka zake, halijui kuna kizingiti." Akapiga ngumi kiganjani. "Linajikwaa. Wimbi halivunjiki, wanangu, linajikwaa. Na wewe unatakiwa uwe pale linapojikwaa, si mbele, si nyuma."

Tangu hapo sikuiogopa tena kwa namna ile ile. Kitu kinachojikwaa unaweza kukihurumia.

Tukaingia, kila mmoja na ubao wa kuazima. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watoto wa mlimani tu wanaoweza kulifanya. Kwetu mfongo una zamu, lakini mzee akikukuta unachota, unampisha. Mlangoni unampisha mkubwa, njiani unampisha, kwenye nyama unampisha zaidi. Basi tulipofika pale wimbi linapojikwaa, wimbi la kwanza zuri likaja. Mimi nikamwambia Rehema atangulie, maana ni mkubwa kwangu kwa miezi. Rehema akamwambia Prosper atangulie, maana ni mwanaume. Prosper, mtoto aliyelelewa vizuri kupita kiasi, akageuka kutupisha sote wawili, na wimbi likapita peke yake. La pili vilevile. Wakati wa la tatu alikuja mzee mmoja wa pale akiogelea na ubao wake, mvi kichwani, na sisi watatu tukaacha kila kitu, tukageuka kwa pamoja, tukainamisha vichwa tukasema, "Shikamoo babu."

Wimbi lilitukuta tumeinama. Tuliokotwa mchangani, Prosper akiwa na mchanga mpaka masikioni, na babu wa watu akicheka na kuuliza hawa wametoka wapi.

Filimbi ililia kwa muda mrefu. Madam aliingia mpaka magotini, amekasirika kweli.

"Sikilizeni! Nchi kavu mtaamkia mpaka mbuzi. Lakini majini hakuna shikamoo! Wimbi ni la aliye karibu nalo linapojikwaa. Awe mtoto, awe askofu. Lako likija, unalipanda. Ukimpisha mtu hukumheshimu, umelitupa tu, wala yeye hawezi kulipata. Mmenielewa?"

"Ndiyo Madam. Shikamoo Madam," Prosper akasema kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba Prosper. Toka hapo, kuna linalokuja!"

Prosper alisimama siku hiyo hiyo, kabla ya jua kupanda sana. Rehema kesho yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilipofika mchangani nikiwa bado wima, nililia, kwa sababu niliufikiria ule mteremko wote wa matope, kumbe ulikuwa unakuja hapa. Madam alikuwa kando yangu, maji kiunoni. Yeye ndiye aliyenisukuma.

Katika lugha yetu sisi watatu neno shikamoo likapata maana ya pili. Kumpa mtu shikamoo maana yake ni kumwachia wimbi lako. "Jana nilikupa shikamoo mbili, leo zamu yako." Madam alisikia akatutazama kwa jicho la pembeni, lakini hakupuliza filimbi.

Tulirudi tena, na tena, kila nafasi ilipopatikana. Wakaja watoto wengine baada yetu, darasa kwa darasa, kila mmoja na mtihani wake wa jedwali la saba. Na kila mara Madam alisimama palepale, maji kiunoni, anashika mkia wa ubao wa mtoto, anangoja, anasukuma. Ukimuuliza, Madam, na wewe? alijibu, "Nyie kwanza." Jioni wote wakishachoka aliingia mara mbili tatu na ubao wake wa zamani, akapiga magoti, akafika mchangani amepiga magoti. Halafu mume wake aliugua, ugonjwa mrefu, na miaka hiyo hakushuka kabisa. Nilimwona siku moja amesimama jikoni anautazama ubao darini, mwiko mkononi, uji ukiungua. Niliuepua uji.

Mume wake alipofariki na matanga kwisha, na yeye alikuwa amestaafu. Binti yake anayekaa Moshi mjini alimchukua, ngazi za mlimani zilikuwa zimelishinda goti. Aliondoka na filimbi, sweta na vyungu viwili. Ubao alituachia sisi. Mama yangu anaanikia kahawa juu yake.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya stuli, anamenya ndizi, anawajibu salamu watoto wa mtaa mmoja mmoja. Nilimwamkia, akanijibu, akanitazama.

"Rehema amenipigia," alisema. "Eti yeye na Prosper wako Dar wote, na mwezi wa saba mnakwenda kule hori. Mimi sijaalikwa?"

Binti yake alitokea mlangoni. "Mama, na goti hilo?"

"Goti hili nimelibeba mpaka leo, na lenyewe linibebe siku moja."

"Daktari alisema—"

"Daktari alisema nisipande ngazi. Bahari haina ngazi." Kisha akaiweka ndizi chini, na sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Mwanangu, nimefika magotini miaka mingi sana. Mwaka kesho sijui kama hata magoti yatakunjika."

Binti yake akaingia ndani, akatoka na lile sweta. Akasema, "Huko asubuhi kuna upepo."

Tukashuka. Pale mahali hapakuwa vilevile. Mlango wa hori ulikuwa umehama kidogo baada ya mvua kubwa, na kizingiti chini kikahama nao. Mimi na Prosper tulikimbilia palepale pa zamani kwa mazoea, tukapigwa. Madam alisimama juu ya ukingo na sweta lake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwa mkono. Palikuwa kushoto zaidi, na mawimbi yake yalikuwa mapana, ya taratibu, marefu kuelekea mchangani.

Kijana mmoja wa pale, Salumu, anayefundisha wageni, alimwazima ubao mpana wa sponji, mwepesi, usioumiza. Nilidhani Madam atasikitikia ubao wake wa mbao. Aliupapasa ule mpya kama mtu anayechagua godoro. "Huu ndio ubao," alisema. "Ule mwingine ulikuwa mateso." Akavua sweta, akalikunja, akaweka filimbi juu yake. Akafunga kilemba chekundu kichwani ili tumwone.

Tulikuwa watano majini, yeye, sisi watatu na Salumu. Alipiga makasia kwa mikono yake, kichwa juu kama bata, mpaka pale. Wimbi likaja, lake kabisa. Akageuka akamtazama Prosper. "Nenda baba, hilo zuri." Prosper kwa mazoea akaenda. Likaja jingine. Akanitazama mimi. "Filo, hilo."

Rehema ndiye aliyesema. Mdomo wake haujapungua hata baada ya watoto wawili. Aliukalia ubao wake, akamkazia macho.

"Madam. Tangu siku ya kwanza umetukataza kupisha. Na wewe? Unadhani hukuwahi kusimama kwa sababu ya goti? Umetupisha sisi maisha yako yote."

Nilimwona Madam akiwa mdogo ghafla, mwalimu mgeni kutoka mlimani. Maji yaliinuka yakashuka chini yetu. Prosper alikuwa ameshapiga makasia kurudi, akasimamisha ubao wake mbali kidogo, kando. Rehema naye akasogea kando. Mimi nikasogea. Salumu hakuelewa kitu, lakini aliona watu wanasogea, akasogea.

Tukamwacha peke yake pale linapojikwaa.

Wimbi lilikuja bila haraka, la kijani, na tuliliona wote kwa mbali. Madam akatutazama upande huu na upande ule, akitafuta wa kumpa. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo Madam!" Rehema akapiga kelele.

"Shikamoo Madam!" Prosper akafuata.

Salumu, mtoto wa pwani mwenye adabu zake, asiyejua neno hilo lina maana gani kwetu, akadhani ameachwa nyuma na adabu. "Shikamoo mama!"

"Shikamoo Madam!" nikasema mimi.

Hakujibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu alinyamazia shikamoo, maana alikuwa ameshalala juu ya ubao na mikono inapiga maji. Wimbi likampata. Likapita chini yetu, likamchukua, na sisi tukabaki nyuma yake.

Ukiwa nyuma ya wimbi humwoni aliyelipanda. Unaona mgongo wa maji tu, ukienda. Kilemba chekundu kikapotea. Kikatokea kidogo, nikajua amefika magotini. Kikakaa hapo. Nilisikia Rehema anasema polepole, macho mbele, macho mbele, vidole havijapotea. Kikakaa hapo hapo, nikaanza kujiambia kwamba hata magotini si vibaya, ametoka mbali.

Kilemba kikainuka. Yakaja mabega. Ukaja mgongo, umepinda, unatetemeka, upande wa kushoto umeshuka kuliko wa kulia, lakini ukaja mpaka kiunoni, juu ya maji, na mikono miwili imetanuka kama mtu anayevuka mfongo kwa gogo. Kisha tukamsikia, maana upepo ulikuwa unatoka nchi kavu.

"Marahaba Rehema!"

Wimbi likaendelea. Kilemba kikayumba, kikarudi.

"Marahaba Prosper!"

Prosper aliweka viganja viwili usoni. Kule mbele maji yalikuwa yanakuwa meupe, na mgongo wa wimbi ulishuka, tukaanza kumwona vizuri zaidi, mwanamke mzima amesimama.

"Marahaba baba, wewe mwenye ubao!"

Halafu povu likamfunika na sikuona kitu. Nikangoja. Yangu ilikuwa bado, na Madam si mtu wa marahaba ya jumla. Nikangoja huku nimeshika ubao wangu kwa nguvu zote.

"Marahaba Filo!"

Ilitoka mchangani.